Kasa Aliyepanda Asishuke

“Kasa huyu amepanda. Hakushuka. Sasa yuko wapi?”

Hapo ndipo gazeti lilipokukatia utamu wiki iliyopita, msomaji, ukalikunja kwa hasira na kulifungia vitunguu. Likunjue. Afisa wa wanyamapori bado amesimama palepale ufukweni, jua la asubuhi likimchoma kisogo, kidole chake kikiwa kimeelekea mchangani. Hakuna aliyemjibu mpaka sasa.

Alama zenyewe hazikuwa na ubishi. Njia pana, yenye mikwaruzo ya mshazari kulia na kushoto, ilitoka majini, ikapita katikati ya mahema, ikapinda kidogo kama mtu anayejua anakokwenda, ikaishia nyuma ya jiko.

Ndiyo, nyuma ya jiko. Na jikoni, juu ya mafiga matatu, sufuria kubwa ilikuwa inatokota.

Wageni wakatazama alama. Wakatazama sufuria. Kisha wakatazamana.

Kwa wewe uliyelikuta gazeti kwa muuza karanga likiwa limekatwa vipande, jua hivi. Hii ni kambi ya Mama Mahema, mjane aliyeachiwa na marehemu mumewe kipande cha ufukwe, mahema yenye viraka vingi kuliko kitambaa, na kibao kisemacho BEI POA, BAHARI BURE. Mwongoza wageni ni mdogo wake wa kiume, aitwaye Darubini, kwa kuwa darubini haimtoki shingoni hata aingiapo msalani, ingawa kioo chake kimoja kilipasuka na cha pili huonyesha ukungu. Na mpishi, mfagiaji, mpokea wageni na mwenye akili pekee katika ukoo huo ni binti wa Mama Mahema, aitwaye Wembe. Jina hilo alilipata kwa sababu ya ulimi.

Kambi hiyo ilikula kwa uongo mmoja. Wageni wa bei poa nao wanataka kuona wanyama. Wanataka kulala kwa bei ya soda na kuamka wamezungukwa na maajabu. Basi kila alfajiri Darubini alishusha tairi kuukuu la trekta kwa njia ya mawe, akaliviringisha mchangani kutoka majini hadi juu, akaliviringisha tena kulirudisha majini, kisha akachukua fagio na kufuta nyayo zake mwenyewe. Meno ya tairi yalichora alama ambazo kasa wa kweli angeziona angeuliza, “Huyu aliyepita hapa ni shangazi yangu yupi?” Wageni wakiamka, kelele! Picha! “Tumekosakosa kumwona!” Na jioni wanalala tena, kwa matumaini.

Asubuhi hiyo Darubini aliona uvivu. Alipandisha tairi, akachoka, akaliegesha nyuma ya jiko, akaenda kunywa chai.

Kwa hiyo kasa akapanda, asishuke. Na siku hiyohiyo, kati ya siku zote alizoumba Mungu, Afisa akaja.

*

“Mama,” alisema Afisa, akilisogelea jiko, “humo ndani mna nini?”

“Supu.”

“Supu ya nini?”

“Ya wageni.”

Mtu mmoja alicheka. Afisa hakucheka. Vijana wa vyeo vipya hawacheki, wanaogopa nyota itawadondoka begani.

“Nauliza ni nyama gani.”

“Mbuzi,” alijibu Mama Mahema, upawa mkononi. “Au mbuzi naye mmeshamwingiza kwenye sheria zenu?”

“Kwa mujibu wa sheria, mama, kumuua kasa ni jela. Kumpika ni jela. Na kumla ni jela vilevile.”

Neno hilo la mwisho lilimkuta Mhasibu akiwa na bakuli mdomoni.

Huyu Mhasibu tunamfahamu. Ndiye mgeni aliyekuja na jiko lake, maji yake na balbu yake, akabishana bei ya hema mpaka Mama Mahema akampa hema lisilo na mlango. Alilala kichwa kikiwa nje, na asubuhi akawaambia wenzake kwamba alilipia hewa safi. Lakini supu ilikuwa ndani ya bei, na cha ndani ya bei Mhasibu hakiachi.

“Mimi nilionja mchuzi tu,” alisema haraka, akiliweka bakuli chini.

“Umeongezewa mara ya pili,” mkewe alimkumbusha.

“Nyamaza, mke wangu.”

“Ukasema hujawahi kula mbuzi mwenye utamu huu.”

“Nimekwambia nyamaza!”

Afisa alimtazama Mhasibu kuanzia viatu hadi mashavu. “Usiondoke kambini, mzee.”

“Niondoke niende wapi? Nimeshalipia mpaka kesho!”

Wembe hakuwa na nafasi ya kucheka. Alimvuta Darubini kwa mkanda wa darubini yake, kama mtu anayevuta mbuzi sokoni, akamsimamisha nyuma ya hema.

“Mjomba, sema.”

“Niseme nini?”

“Sema ni tairi.”

“Mbele ya wageni? Unataka kunivua nguo hadharani?”

“Watamchukua mama, mjomba. Kambi itafungwa. Tukifukuzwa hapa tutakwenda wapi? Kwako? Wewe mwenyewe unalala kwenye hema la wateja!”

“Tulia, mtoto wa dada. Jambo hili nalimaliza kitaalamu.”

Msomaji, ukisikia Darubini anasema “kitaalamu”, kaa karibu na mlango. Kwa utaalamu huohuo aliwahi kumwonyesha mwalimu mkuu kenge akamwambia ni mtoto wa mamba aliyesusa kukua. Kwa utaalamu huohuo aliwapeleka maharusi kutwa nzima kumnyatia ndege adimu, ambaye jioni alikuja kuchukuliwa na mwenye banda lake la kuku.

Alitokea nyuma ya hema, akajikohoza, akaishika darubini kwa mikono miwili kama imamu aliyeshika kipaza sauti.

“Bwana Afisa, samahani. Wewe ni mgeni wa ufukwe huu. Kasa wa hapa wana tabia yao. Akishataga, hurudi majini kinyumenyume, akikanyaga palepale alipokanyaga wakati wa kuja.”

“Kinyumenyume.”

“Bila kugusa pembeni.”

“Mimi nimesomea kasa,” alisema Afisa. “Kasa hana gia ya nyuma.”

“Huyu ni wa kienyeji.”

Kambi nzima ililipuka kwa kicheko. Hata mke wa Mhasibu, aliyekuwa akiuguza hofu ya jela, alijifunika kanga mdomoni. Mtu mwenye aibu angeishia hapo. Darubini aliendelea.

“Au basi, inawezekana alibebwa na tai.”

“Kasa mwenye uzito wa wanaume wawili, abebwe na tai?”

“Tai walikuwa wawili.”

Mwongo hujenga ghorofa, msingi wake ni povu. Wimbi likipita, humwachia aibu. Ila huyu hata aibu alikuwa haijui. Alisimama pale, kifua mbele, akisubiri kupigiwa makofi.

Afisa alitoa simu yake.

“Haloo, leteni gari,” alisema. “Na kibali cha upekuzi. Na pingu. Ndiyo, ni mwanamke. Mnene kidogo.”

“Mnene mama yako!” alifoka Mama Mahema.

“Na ana matusi,” aliongeza Afisa, akakata simu.

*

Sasa mambo yalikuwa yamekaza. Wembe alimwendea mama yake mbio.

“Mama, kwani shida iko wapi? Funua sufuria, aone ni mbuzi, yaishe.”

“Hata akifunua, dada,” Afisa aliingilia, “nyama ikishaiva haina sura. Itakwenda maabara kupimwa. Mama atasubiri majibu mahabusu, na kambi itafungwa mpaka majibu yatoke.”

“Yanachukua muda gani?”

“Inategemea. Mashine ikiwa nzima, siku chache.”

“Ni nzima?”

Afisa alitazama pembeni. “Hapana.”

“Umeona, mama? Basi tumwambie—”

“Sifunui!” Mama Mahema alipindua ndoo, akaikalia kando ya mafiga, magoti yake yakiikinga sufuria kama mtoto mgonjwa. “Sufuria yangu haifunuliwi kwa amri ya kijana ninayeweza kumzaa. Akitaka kujua kilichomo, aje na kibali chake, aje na bakuli lake, na alipe kama wengine!”

Maneno hayo yalikuwa ya Mama Mahema kabisa. Ndivyo alivyo, ukimwambia moto unaunguza atashika kaa ili akukomeshe. Lakini Wembe aliona kitu kingine. Juu ya mfuniko palikuwa na jiwe. Tangu azaliwe hajawahi kumwona mama yake akikandamiza sufuria kwa jiwe. Akakumbuka pia kwamba leo mama ndiye aliyeamka mapema akabandika nyama mwenyewe, kazi ambayo siku zote humwachia yeye na kelele juu yake.

“Mama,” alisema kwa sauti ya chini, “ni mbuzi, siyo?”

“Nimeshasema ni mbuzi.”

Alisema akiutazama moto. Hakumtazama mwanawe.

Muda wa kulipima jambo hilo haukuwapo. Kwa mbali, barabarani, gari lilisikika likihangaika na kilima. Wembe alimtazama mjomba wake kwa mara ya mwisho.

“Mjomba, nakuomba. Kwa heshima ya marehemu baba.”

Darubini aliinua kidevu. “Mimi jina langu nimelijenga kwa jasho. Silibomoi kwa sababu ya sufuria.”

“Jina gani? Hata hilo Darubini lenyewe ni la kifaa kibovu!”

Wembe akageuka, akaenda nyuma ya jiko.

Kilichofuata kilisikika kabla hakijaonekana. Beseni la vyombo lilianguka, vijiko vikatawanyika, sahani moja ikaviringika peke yake hadi miguuni kwa Afisa. Kisha Wembe akatokea, amejifunga kanga kibwebwe, akisukuma tairi la trekta mbele yake.

“Haya!” alipaza sauti. “Mliomtafuta kasa, huyu hapa! Mpigeni picha!”

“Mwongo!” Darubini alipiga yowe. “Tairi hilo silijui! Sijawahi kuliona!”

“Hulijui? Na mchana huwa unalala juu ya nini?”

Wembe hakusubiri jibu. Alilisukuma tairi kando ya alama za alfajiri, likashuka lenyewe kwa mteremko, likaenda likiyumba mpaka likagonga maji na kulala ubavu. Nyuma yake liliacha alama. Pana. Zenye mikwaruzo ya mshazari, kulia na kushoto.

Afisa alichuchumaa. Alitazama alama za alfajiri, akatazama mpya, akarudia. Wageni walimzunguka.

“Angalia, Afisa,” alisema Wembe akihema. “Tairi lina jino moja lililong’oka. Kila likizunguka, linaacha pengo. Pengo lipo hapa. Na hapa. Na pale. Kasa gani ana pengo?”

Kisha sauti nyembamba ikatoka nyuma.

“Kwa hiyo,” alisema Mhasibu, “nimepiga picha na tairi?”

“Tena umewatumia ofisi nzima,” alisema mkewe. “Ukaandika, ‘Mimi na maumbile.’”

“Mke wangu!”

“Na uliinama ukabusu mchanga.”

Ndipo kambi ikachafuka. Waliokuwa wakinong’ona wakaanza kupayuka. Mmoja alisema amekuja hapa likizo tatu mfululizo na watoto wake wamechora kasa huyo shuleni. Mwingine alitaka kurudishiwa pesa. Mhasibu alitaka kurudishiwa pesa, nauli na hadhi. Watu waliolipa kidogo wana makelele ya watu waliolipa sana, hilo nimeliona kote. Wananunua uongo kwa bei ya chini, kisha wanakasirika kwamba si ukweli.

Na Darubini? Ulidhani atalia? Ulidhani atamwangukia dada yake miguuni?

Darubini alivua kofia, akainama mbele ya wageni kama mchezaji wa jukwaani.

“Sawa,” alisema. “Ni mimi. Lakini semeni kweli, si nilifanya kazi nzuri? Niambieni, nani kati yenu aligundua? Mimi si mwongo, mimi ni msanii. Kasa mwenyewe hawezi kunyoosha njia kama ninavyonyoosha mimi!”

“Mjomba, kaa chini,” alisema Wembe. “Unatudhalilisha mpaka tairi.”

*

Afisa alisimama taratibu. Uso wake ulikuwa umeporomoka. Ukweli ni kwamba alipoziona alama zile alikuwa ameshajiona kwenye ofisi kubwa, kiti kinachozunguka, watu wakimwandikia barua. Sasa alikuwa na tairi.

“Kwa hiyo kasa hayupo,” alisema.

“Hayupo,” alijibu Wembe. “Hajawahi kuwapo. Na kama hajawahi kuwapo, hakuna aliyemuua. Na kama hakuna aliyemuua, mama yangu anapika mbuzi.”

Ilikuwa hoja safi, imenyooka kama uzi. Hata wageni wenye hasira walitikisa kichwa. Wembe aligeuka kumtazama mama yake, akitarajia kuona uso uliotulia, pengine hata tabasamu.

Mama Mahema hakutabasamu. Alikuwa bado amekaa juu ya ndoo, mkono mmoja juu ya jiwe.

“Na kile?” aliuliza Afisa.

Alionyesha kando ya hema la mwisho, mahali palipozungushiwa vijiti na kamba, na kibao kidogo: MAYAI YA KASA, USIKANYAGE, PICHA RUHUSA.

“Uongo vilevile,” alisema Darubini kwa mapozi. Sasa kwa kuwa ameshakubali, alikuwa anakiri kama anayejisifu. “Vijiti nimechomeka mwenyewe. Kamba ya kuanikia nguo.”

“Fukua.”

“Nifukue nini? Ni mchanga mtupu.”

“Ndiyo nataka kuuona huo mchanga mtupu. Nikiandika kwamba hapa hapana kasa, niwe nimehakikisha. Gari likifika nilirudishe, na mama yako huyu abaki na supu yake.”

“Dada yangu huyu,” Darubini alisahihisha. “Na kazi ndogo hiyo.”

Wageni wote walimfuata, kwa sababu mtu aliyetapeliwa hapendi kukosa sehemu yoyote ya utapeli wake. Darubini aling’oa vijiti. Alipiga magoti. Akaanza kufukua kwa mikono, akipiga mluzi, akitupa mchanga nyuma kama mbwa aliyesahau alikozika mfupa.

“Mtaona wenyewe,” alisema. “Mchanga. Mchanga. Na chini yake, mchanga. Mhasibu, njoo uhesabu.”

Mluzi ukakatika.

Mkono wake ulikuwa umezama hadi kwenye kiwiko. Hakuutoa.

“Mjomba?” aliita Wembe.

“Kuna kitu.”

“Kitu gani?”

“Sijui. Kinabonyea.”

Aliutoa mkono polepole. Kiganjani mwake palikuwa na yai. Jeupe, la mviringo kamili, ganda lake laini kama ngozi, chembe za mchanga zikiwa zimelishika.

“Umelizika lini hilo?” aliuliza Mhasibu kwa dharau. “Jana?”

“Sikulizika.”

“Usituchezee!”

“Naapa sikulizika! Wallahi sikulizika mimi!”

Msomaji, cheka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Darubini alikuwa anasema kweli, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwamini.

Isipokuwa Afisa. Huyo alikuwa ameshapiga magoti. Alilichukua yai kwa vidole viwili, bila kuligeuza, akalirudisha lilikotoka. Alifukua mchanga kidogo pembeni kwa ncha za vidole. Chini ya yai palikuwa na yai. Chini ya lile, mengine, yamelundikana, yanang’aa, yamejaa shimo.

“Kimya,” alinong’ona. “Msisogee. Haya ni ya kweli.”



“Aliyetaga hapa ni kasa mkubwa,” alisema Afisa. “Na si zamani. Alikuja lini?”

Darubini alikuwa amekaa kitako mchangani, mdomo wazi, rangi imemtoka. Wembe alimjua mjomba wake. Akijibu haraka, anadanganya. Alikuwa hajawahi kumwona akichelewa kujibu.

“Mjomba. Umefanya nini?”

“Juzi,” alisema Darubini. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Juzi alfajiri nilishuka na tairi. Nikakuta alama tayari zipo.”

“Zipo vipi?”

“Zipo! Zimeshachorwa! Nikadhani ni zangu za siku iliyotangulia, nimesahau kuzifuta. Nikajilaumu. Nikachukua fagio, nikazifagia zote. Nikaanza upya na tairi.” Alimeza mate. “Na pale palipokuwa pamechimbuka, mchanga ulikuwa laini. Nikaona panafaa kuchomeka vijiti.”

Hakuna aliyecheka. Jambo hilo lilikuwa limepita kiwango cha kicheko.

“Misimu yote hii,” alisema Wembe polepole, “umewauzia watu kasa wa mpira. Wa kweli akaja mwenyewe, bila kuitwa, bila kulipwa, akapita mlangoni kwako. Wewe ukampiga fagio.”

“Zilifanana na zangu…”

“Usiendelee, mjomba.”

Lakini Afisa alitaka aendelee. Alisimama, akajipangusa mchanga magotini, na Wembe akaona kwamba ule uso ulioporomoka umejengeka upya.

“Hizo alama ulizozifagia,” aliuliza, “zilipanda tu? Au zilipanda na kushuka?”

Darubini alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, darubini yake ikining’inia kama kengele isiyo na ulimi.

“Sikuangalia,” alisema.

“Hukuangalia.”

“Nilikuwa nafagia.”

Dakika chache zilizopita Wembe alikuwa amemwokoa mama yake kwa hoja iliyonyooka kama uzi: hakuna kasa, hakuna kosa. Sasa kasa alikuwapo. Alikuwa amepanda hapa, kwa uzito wake wote, hatua chache kutoka jikoni. Na alama pekee ambazo zingeweza kuonyesha kwamba alirudi baharini salama zilikuwa zimefagiwa na ukoo wake mwenyewe.

“Basi swali langu,” alisema Afisa, “ni lilelile la asubuhi.”

Akageukia jikoni. Wageni wote wakageuka pamoja naye.

Mafiga matatu yalikuwa yanafuka moshi. Juu yake hapakuwa na kitu.

Ndoo aliyokalia Mama Mahema ilikuwa imelala ubavu. Jiwe lilikuwa chini. Upawa ulikuwa umetupwa kwenye majivu. Wakati kambi nzima ikiwa imeinama kwenye shimo la mayai, visogo vikiwa vimeelekea mafiga, jiko lilikuwa limehamwa.

“Mama?” aliita Wembe.

Barabarani, gari la wenzake Afisa lilizima injini. Milango ikafunguliwa. Wanaume wenye buti wakaanza kushuka.

“Mama!”

Alikimbia. Kutoka kwenye mafiga, mstari mpana na mbichi ulikuwa umechimba mchanga na kuteremka moja kwa moja hadi baharini. Kitu kizito kilikuwa kimeburutwa. Kando ya mstari palikuwa na nyayo za miguu mitupu, za kushoto zikiwa zimegeuka nje. Nyayo hizo Wembe alizijua tangu alipokuwa akijifunza kutembea kwa kuzifuata.

Alifika ukingoni, maji yakamfika kwenye vifundo. Mbele yake, juu ya wimbi dogo, mfuniko wa sufuria ulikuwa unaelea, ukizunguka taratibu. Sufuria haikuonekana. Mtu hakuonekana.

Nyuma yake alisikia buti zikikanyaga mchanga bila haraka. Afisa alisimama. Alilitazama tairi la trekta, ambalo lilikuwa limelala palepale lilipoangukia, mbali na hapo. Kisha akautazama ule mstari mpana unaotoka jikoni.

“Na hii, dada,” aliuliza, “nayo ni tairi?”

Kwa mara ya kwanza tangu Wembe apewe jina lile, ulimi wake haukukata chochote. Alikuwa anazitazama nyayo za mama yake.

Zilikuwa zimeshuka. Hazikupanda.